"Mtoto ni Mzima, Usisaini": Kisa cha Mwanafunzi wa Malezi katika Chuo cha Jamii

Kisa hiki kilitokea muhula wa Januari hadi Mei 2024 katika chuo cha jamii kimoja katikati ya Marekani. Nilikuwa mshauri wa wanafunzi pale, na baadhi ya maamuzi nitakayoyaeleza yalikuwa yangu, ukiwemo mmoja ambao sikuufanya vizuri. Majina ni ya kubuni, na kila jambo linaloweza kumtambulisha mtu nimelibadilisha au kuliacha. Mwanafunzi nitamwita Neema, mtoto nitamwita Elia. Nakiandika kwa ajili ya Waswahili wanaosomea malezi na familia ughaibuni, na kwa ajili ya wale wanaowafundisha.

## Chuo, fani na mwanafunzi

Kwa asiyekijua, chuo cha jamii ni chuo cha umma cha miaka miwili. Kinapokea karibu kila mtu aliyemaliza sekondari, ada yake ni nafuu kuliko ya chuo kikuu, na ukikusanya krediti, yaani vipimo vya uzito wa kila somo, zipatazo 60 unapata digrii ya miaka miwili. Unaweza kuingia nayo kazini, au ukahamishia krediti hizo chuo kikuu. Kikongwe kuliko vyote vya umma kiko Joliet, Illinois, kilianza 1901. Kwa Wakongo waliohamishiwa Marekani kutoka kambi za Tanzania, Uganda na Burundi, mara nyingi huu ndio mlango wa kurudia masomo.

Fani yenyewe inaitwa Ukuaji wa Binadamu na Masomo ya Familia. Inamfuata mtu tangu tumboni hadi uzeeni, pamoja na nyumba anamokulia. Wanaoichukua wengi wanalenga kazi za vituo vya kulelea watoto, ambavyo sisi huku tunaviita deikea, au shule za awali, ustawi wa jamii na utunzaji wa wazee.

Neema alikuwa na miaka 34, mzaliwa wa Kivu Kusini, mama wa watoto watatu. Alikuwa amekaa kambini Kigoma miaka kumi na moja, na minne kati ya hiyo alikuwa mlezi wa chekechea ya kambi, watoto sitini chini ya turubai moja. Marekani alipata kazi ya usiku kwenye kiwanda cha nyama. Alitoka kazini alfajiri, akawapandisha watoto kwenye basi la shule, na saa tatu kamili alikuwa darasani, kiti cha mbele, ili asisinzie.

Ada yake ililipwa na Pell Grant, msaada wa serikali kuu usiorudishwa, ambao kiwango chake cha juu mwaka ule wa masomo kilikuwa dola 7,395. Msaada huo una masharti. Chuoni kwetu, kama ilivyo vyuo vingi, mwanafunzi alitakiwa awe amefaulu angalau asilimia 67 ya krediti zote alizojiandikisha. Muhula wake wa kwanza Neema aliacha masomo mawili, krediti 6, mtoto wake alipolazwa. Naomba msomaji aikumbuke hesabu hiyo.

Muhula wa kisa hiki alikuwa kwenye mafunzo kwa vitendo, krediti 4, akienda deikea moja asubuhi mbili kila wiki. Saa hizo alikuwa anazihesabu pia kwa ajili ya cheti cha CDA, kile cha walezi wa watoto wadogo, kinachodai saa 480 za kazi na watoto na saa 120 za mafunzo.

## Ukurasa uliomfurahisha

Wiki ya pili ya muhula aliingia ofisini kwangu na kitabu cha kozi kimefunguliwa. Kulikuwa na kisanduku kidogo pembeni mwa ukurasa kuhusu watoto wa Kipsigis, Kenya. "Mwalimu, hii ni sisi," akaniambia, kidole kikiwa juu ya neno Kenya.

Nilimwongezea nilichokijua. Watafiti Charles Super na Sara Harkness walikaa katika kijiji cha Wakipsigis cha Kokwet miaka ya 1970. Waliona watoto wa pale wanakaa, wanasimama na kutembea mapema kuliko watoto wa Marekani, lakini si kwa kila jambo: katika kutambaa hawakuwatangulia. Mama wa Kipsigis alimfundisha mtoto kukaa na kutembea kwa makusudi, mpaka kumchimbia kishimo na kumwekea nguo ya kuegemea mgongo. Kutambaa hakuna aliyemfundisha. Neema alicheka. Kwao walitumia beseni na kitenge, alisema, na mtoto anayetambaa jikoni kwenye mafiga ni wa kukimbilia, si wa kupigiwa makofi.

Aliondoka na maneno haya: "Basi hizi tarehe zao za mtoto ni za kwao." Nilikubaliana naye. Nilikuwa na mwanafunzi mwingine mlangoni, na sikumuuliza ana maana gani hasa.

## Yaliyotokea

Katikati ya Februari deikea ilifanya uchunguzi wa awali wa ukuaji kwa watoto wote. Elia alikuwa na miaka miwili na nusu. Wazazi wake ni Wakongo, na nyumbani hawakuzungumza Kiingereza kabisa. Dodoso la namna hii kwa kawaida hujazwa na mzazi, kwa kuwa ndiye anayemwona mtoto siku nzima. Mama yake Elia hasomi Kiingereza, kwa hiyo mwalimu wa darasa alilijaza mwenyewe.

Neema alikuwa amekaa kwenye zulia pembeni. Mwalimu aliinua picha ya mbwa akauliza kwa Kiingereza ni nini. Elia akamtazama mwalimu, akatazama dirishani. Kikombe, kimya. Mpira, kimya. Kwenye sehemu ya mawasiliano kisanduku cha "bado" kikawa kinatiwa alama, kimoja baada ya kingine.

Mwalimu alipotoka kumpokea mzazi mwingine, Neema akazichukua zile picha. "Hii ni nini?" Elia akajibu papo hapo: "Imbwa." "Mupira iko wapi?" "Iko chini." Na kweli ulikuwa chini ya meza, mpira halisi, wala si wa kwenye picha. Kwa dakika kumi alitaja vitu kwa Kiswahili na vichache kwa Kibembe, akaunga na sentensi: "Mama anaenda kazi." Neema alihesabu maneno 43 kwenye daftari lake la uangalizi.

Mwalimu aliporudi, Neema hakumwambia kitu. Nilipomuuliza baadaye kwa nini, alisema alikuwa mwanafunzi, mwalimu ni mwenye darasa, na kwao mgeni hamsahihishi mwenye nyumba mbele ya watoto.

Siku tatu baadaye mama yake Elia alipewa fomu ya kukubali mtoto apelekwe kwenye tathmini kamili. Alikutana na Neema kituo cha basi, wote wawili wakienda zamu ya usiku, akamwonyesha ile karatasi. Neema akamwambia: "Mama Elia, mutoto ni muzima. Hawa wanamupima na kizungu. Usisaini."

Mama hakusaini. Deikea ilimkumbusha mara mbili, akanyamaza. Katikati ya Machi, mtu wa ofisi alipompigia simu kwa mkalimani, mama alieleza wazi kwamba "mwalimu Mwafrika" amesema mtoto hana shida. Siku hiyohiyo deikea ilimsimamisha Neema na kumwandikia mratibu wa mafunzo kwa vitendo chuoni. Mashtaka yalikuwa mawili: ametoa nje habari za mtoto alizozipata kazini, na ametoa ushauri asio na mamlaka nao.

## Maamuzi na sababu zake

Tulikaa watatu: mratibu, mhadhiri wa kozi na mimi. Neema aliitwa baadaye, alivyotaka mwenyewe, akiwa amelala kwanza.

Mratibu alitaka somo lihesabiwe ameshindwa. Alikuwa na hoja ya kweli. Usiri ni nguzo ya kazi hii, na mlezi anayepeleka habari za darasani kituo cha basi leo kwa nia njema, kesho atazipeleka kwa nia nyingine. Hapo ndipo nilipoweka hesabu mezani. Hadi muhula ule Neema alikuwa amejiandikisha krediti 27. Akiondolewa 6 za mwanzo na 4 za vitendo, zinabaki 17, yaani asilimia 63. Angeingia kwenye onyo, na asipojikwamua muhula unaofuata, msaada ungesimama. Akifaulu yote, anakuwa na 21 kati ya 27, karibu asilimia 78. Mhadhiri alisema jambo ambalo kwangu lilikuwa zito kuliko hesabu: muhula wote hakuna mtu aliyemfundisha mwanafunzi yule afanye nini anapoona kipimo kinakosea. Tulimfundisha kunyamaza na kuandika. Alifanya yote mawili, halafu akabaki na ukweli mkononi bila pa kuupeleka.

Tukakubaliana hivi. Atasimama wiki mbili bila kwenda deikea, lakini somo halitahesabiwa ameshindwa. Katika wiki hizo ataandika upya kumbukumbu za uangalizi wa siku ile kwa utaratibu wa kitaaluma: mtoto aliulizwa nini, kwa lugha gani, alijibu nini neno kwa neno, bila hukumu. Kumbukumbu hizo zitapelekwa deikea kupitia mratibu. Na mama yake Elia ataitwa kwenye kikao chenye mkalimani aliyesomea kazi hiyo.

Deikea ilipendekeza Neema mwenyewe atafsiri, kwa kuwa mama anamwamini na hakuna wa kumlipa. Tulikataa. Mkalimani anayesema maneno ya wengine huku mama akijua kwamba mkalimani huyohuyo alishamwambia mengine anamweka mama mahali pabaya. Neema alihudhuria kama Neema. Alisema kwa mdomo wake kwamba alikosea kumwambia asisaini, kwamba alichokiona ni mtoto anayejua Kiswahili, na kwamba hana ujuzi wa kusema zaidi ya hapo.

Kikao kilichukua saa moja na nusu, na sehemu kubwa haikuwa juu ya Elia. Mama alitaka kujua akisaini, je, watu wa serikali watakuja kumchukua mtoto. Jirani yake alitembelewa na ofisi ya ulinzi wa watoto, na tangu hapo kila karatasi yenye jina la mtoto ilikuwa karatasi ileile. Ni hofu niliyokutana nayo katika nyumba nyingi za Wakongo, nayo ina chanzo. Kwa kweli walezi wa deikea wanalazimika kisheria kuripoti wakishuku mtoto anadhulumiwa. Lakini tathmini ya ukuaji iko chini ya sheria nyingine kabisa, ile ya elimu ya watoto wenye ulemavu, IDEA, ambayo Sehemu C yake inahusu watoto wasiotimiza miaka mitatu. Ni ya hiari. Bila saini ya mzazi haifanyiki, na mzazi anaweza kukubali tathmini akakataa huduma. Hayo mkalimani aliyarudia mara mbili kwa Kiswahili cha Kivu, polepole. Mama akasaini.

## Matokeo

Chini ya Sehemu C, tathmini na kikao cha kwanza cha mpango wa familia vinapaswa kufanyika ndani ya siku 45 tangu rufaa ipokelewe, na mtoto apimwe kwa lugha yake isipokuwa haiwezekani kabisa. Elia alipimwa mwishoni mwa Aprili, mkalimani akiwepo. Uelewa wake kwa Kiswahili ulikuwa wa mtoto wa umri wake. Neema alikuwa sahihi.

Lakini mtaalamu wa lugha alikuwa amesoma zile kumbukumbu za Neema, maneno 43 yaliyoandikwa jinsi mtoto alivyoyatamka, na kuna kitu kilimsumbua. Samaki imeandikwa "amaki". Sukari, "ukari". Sabuni, "abuni". Shati, "ati". Watoto wengi wa umri huo bado wanahangaika na herufi s, kwa hiyo peke yake haikuwa ushahidi wa kitu. Hata hivyo Elia hakuwa anaibadilisha, alikuwa anaiacha kabisa, kila mara. Sauti za s na sh hazina nguvu. Sikio lililozibwa kidogo ndizo linazozipoteza mapema. Akaomba masikio yapimwe.

Yalikutwa na maji nyuma ya ngoma ya sikio, masikio yote mawili. Daktari alisubiri miezi mitatu, kama ilivyo kawaida, kwa sababu mara nyingi maji hayo hukauka yenyewe. Hayakukauka. Agosti Elia aliwekewa vimirija masikioni, vya kutoa maji hayo. Mama yake alinisimulia kwamba jioni moja wiki hiyo alisimama katikati ya jikoni akauliza ile sauti ni ya nini. Ilikuwa friji.

Neema alimaliza muhula na alama ya B katika vitendo. Msaada wake haukuguswa.

## Uchambuzi

Kosa la kwanza halikuwa la Neema. Dodoso la mzazi lilijazwa na mtu asiye mzazi, kwa lugha asiyoijua mtoto, na matokeo yakaandikwa kana kwamba ni ya mtoto. Hilo silipunguzi makali.

Kosa la Neema lilikuwa jembamba zaidi, na ndilo linalonifanya niandike kisa hiki. Aliona kwamba kipimo kimekosea. Hapo alikuwa sahihi kuliko watu wote jengoni. Kisha akaruka kutoka "kipimo kimekosea" hadi "mtoto ni mzima", kana kwamba ni sentensi moja. Ni mbili. Kipimo kibovu hakimsemi mtoto chochote, kizuri wala kibaya, kinamwacha hajapimwa. Yule aliyesema Elia amechelewa hakujua, na yule aliyesema Elia ni mzima hakujua pia. Aliyejua kitu ni daftari, kwa sababu Neema aliandika "amaki" na si "samaki". Hakuisahihisha tahajia ya mtoto. Uaminifu ule mdogo wa kalamu ndio uliomfikisha Elia kwa daktari wa masikio, na ulitoka kwa mwanafunzi yuleyule aliyesema usisaini. Wiki saba zilipotea kati ya fomu na saini. Lakini bila daftari lile, mtaalamu asingekuwa na cha kumsumbua.

Kosa langu nalo liko hapa. Nilimpa somo la Kokwet nusu. Super hakusema vipimo havina maana. Alisema mtoto anakua haraka pale anapofundishwa, kwa hiyo uliza kwanza nyumba yake inamfundisha nini. Ni mwaliko wa kupima vizuri zaidi. Neema aliusikia kama ruhusa ya kuacha kupima, nami niliitikia kwa kichwa kwa sababu furaha yake ilinifurahisha. Mwanafunzi aliyekaa miaka akisomeshwa juu ya watoto wa wengine, siku akikutana na wake kitabuni, anastahili mtu atakayekaa naye saa nzima, si dakika tano.

Kuna ukurasa mwingine ambao ningetamani angeuona siku ile. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth, ambaye kila kitabu cha fani hii kinamtaja kwa majaribio yake ya Baltimore, alianza kuwafuatilia mama na watoto wao vijijini karibu na Kampala mwaka 1954 na 1955. Familia 26. Alikwenda nyumba kwa nyumba na mkalimani wake, Mganda. Sehemu ya ushahidi wa mwanzo wa nadharia ya mtoto kushikamana na mlezi wake, inayofundishwa leo duniani kote, ilipitia masikio na kinywa cha mwanamke aliyejua Kiganda. Wanafunzi kama Neema wakilijua hilo, wataona kwamba ujuzi wao wa lugha ni chombo cha kazi chenye adabu yake, kama mizani: unapima nacho, unaandika kilichosoma, husukumi kwa kidole.

Kilichofaa zaidi, kwa maoni yangu, ni kukataa kumgeuza Neema mkalimani wa bure. Ilitugharimu wiki moja ya kusubiri na pesa kidogo. Vyuo na vituo vingi vinateleza hapo: yule mmoja anayejua lugha anakuwa mfanyakazi, mtafsiri, shangazi na shahidi kwa wakati mmoja, halafu anaadhibiwa mipaka ikichanganyika.

Chuo kiliongeza ukurasa mmoja kwenye mwongozo wa vitendo. Unasema mwanafunzi akiona mtoto amepimwa kwa lugha asiyoijua, aandike alichokiona siku hiyohiyo na ampelekee mratibu ndani ya saa 48, na mratibu analazimika kumjibu kwa maandishi. Neema alishiriki kuuandika. Kipengele cha mratibu kulazimika kujibu ni chake, na alikisimamia mpaka kikapita.

Jambo moja bado tunabishana na mratibu. Neema alisimamishwa wiki mbili na jina lake likabaki kwenye faili. Aliyejaza dodoso la Elia kwa Kiingereza hakuandikiwa hata barua. Mratibu anasema chuo hakina mamlaka juu ya wafanyakazi wa deikea. Ni kweli. Lakini chuo ndicho kinachochagua deikea ya kuwapeleka wanafunzi wake, na muhula uliofuata kiliwapeleka wengine palepale.